Baada ya Shambulio, Nani Ashike Daftari?

Swali hili limenifikia kutoka kwa wazee wa mitaa, walimu wakuu, maimamu, mapadri na viongozi wa vikundi vya akina mama: "Watu wakiuawa kwa wingi hapa kwetu, washauri nasaha tutawapata wapi?" Huwa nawajibu kwamba washauri watakuja. Ulipolipuliwa ubalozi wa Marekani jijini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, iliposhambuliwa Westgate mwaka 2013, na walipouawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, wa kusaidia walijitokeza, wengine bila hata kuitwa. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia waende wapi, wamwone nani, nani ameshaonwa na nani bado.

Makala haya nimemwandikia mtu huyo. Huenda ni wewe.

Anzeni kabla hakujatokea kitu

Kamati za maafa tunazo. Lakini fungua makabrasha yake uone: utakuta ambulensi, mahema, blanketi na gari la zimamoto, kila kimoja na mhusika wake. Ukifika kwenye huduma ya akili, hakuna jina. Hapo ndipo pa kuanzia. Itisheni kikao cha mchana mmoja, na msitoke kabla mambo haya hayajaandikwa:

- Mratibu mmoja wa msaada wa kisaikolojia, pamoja na msaidizi wake. Awe mtu wa serikali wa mahali hapo, kama vile muuguzi wa magonjwa ya akili wa hospitali ya kaunti au ofisa ustawi wa jamii. Mashirika yataondoka, yeye atabaki.
- Majina na simu za washauri, wauguzi, walimu wa malezi na viongozi wa dini, na mbele ya kila jina lugha anazozijua. Mtu aliyefiwa hulia kwa lugha ya mama yake, na mkalimani katikati ya kilio ni kizuizi.
- Nani atafanya nini na wapi: hospitali, Msalaba Mwekundu, idara ya elimu, misikiti na makanisa. Kila mmoja aseme kazi yake mbele ya wenzake.
- Majengo mawili: moja la familia, na jingine la waandishi wa habari. Yasiwe karibu.
- Namna ya kuwahakiki wanaojitolea. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, kwa hiyo anayejiita mshauri aonyeshe usajili wake. Asiye nao asifukuzwe. Kuna chai ya kupika, watoto wa kuangalia na simu za kuchaji.

Utaambiwa hakuna bajeti. Kikao hiki hakihitaji bajeti, kinahitaji mtu wa kukiitisha.

Saa za kwanza: kituo cha familia

Baada ya Garissa, manusura walipakiwa kwenye mabasi hadi Uwanja wa Nyayo, Nairobi, ambako jamaa zao walikuwa wakiwasubiri. Maiti zilipelekwa mochari ya Chiromo, katika jiji hilohilo. Mfikirie mzazi aliyesimama Nyayo, basi la mwisho likashusha abiria wote na mwanawe hayumo. Kuanzia dakika ile anahitaji mtu wa kumshika mkono na kutoka naye hapo. Asipopatikana, atauliza njia ya kwenda mochari kwa askari wa getini, na atakwenda peke yake.

Kwa hiyo kituo cha familia kiwe na:

1. Meza moja ya usajili na daftari moja. Nitalirudia hili baadaye.
2. Msemaji mmoja anayetoa taarifa kila saa, hata pasipo na jipya. "Sina habari mpya, nitarudi saa kumi" ni taarifa. Ukimya huzaa uvumi, na uvumi humaliza watu.
3. Maji, chakula, choo, pa kuswalia na pa kuchajia simu. Simu ikizima, familia imekatika na nyumbani.
4. Chumba chenye mlango unaofungika, cha kupasha habari za kifo. Habari hizo zisitolewe kwenye foleni wala zisisomwe kwa kipaza sauti.
5. Watu waliopewa kazi moja tu: kusindikiza familia mochari.

Kazi hiyo ya mwisho ndiyo hufanywa vibaya zaidi, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu. Msindikizaji aingie kwanza yeye peke yake, auone mwili na mahali ulipolazwa. Kisha atoke, aketi na mzazi, amweleze atakachokuta: "Utamwona uso. Mkono wa kushoto tumeufunika kwa sababu umeumia. Kuna harufu kali ya dawa na baridi. Ukitaka kumgusa, unaruhusiwa. Ukitaka kutoka, tutatoka." Wakiingia, asimame ubavuni pake, asitangulie mbele. Kiti kiwe karibu. Mzazi akisema "ndiye", asiulizwe tena na tena kama ana hakika. Mwenye karatasi za kutiwa saini asubiri nje mpaka mzazi amekaa na kunywa maji. Na mtu yuleyule aliyemwingiza ndiye amtoe na kumkabidhi kwa ndugu zake, kwa jina na kwa namba ya simu.

Mipango ya mazishi nayo ina utata wake. Waislamu huzika haraka, lakini utambuzi kwa alama za vidole au vinasaba unaweza kuchukua siku kadhaa. Daktari na imamu waieleze familia pamoja, siku ya kwanza, sababu ya kuchelewa. Maelezo ya daktari peke yake yataonekana ni dharau, na imamu peke yake hataweza kujibu maswali ya kitaalamu.

Daftari moja

Manusura mmoja anaweza kuhojiwa na polisi, daktari, mashirika mawili matatu, ofisi ya mbunge na mwandishi wa gazeti, wote kwa wiki moja, na kila mmoja akitaka kisa chote tangu mwanzo. Wakati huohuo jirani yake aliyejifungia ndani hajagongewa mlango na mtu yeyote. Dawa ya yote mawili ni daftari moja, likiwa mikononi mwa mratibu mmoja.

Liandikwe jina, simu, jamaa wa karibu, anakoishi na kwao ni wapi, anachohitaji sasa, aliyemwona, na siku atakayoonwa tena. Basi. Kisa cha mtu hakiandikwi humo, wala dini yake, wala kabila lake. Daftari lisipigwe picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, lakini hata pasingekuwa na sheria, jina la msichana aliyebakwa likizunguka kwenye simu za watu, mtaa wote utajua kabla ya jioni.

Mashirika yatakataa kushirikiana katika daftari moja kwa sababu kila moja lina mfadhili wake anayetaka idadi yake. Shikilieni msimamo: asiyeleta taarifa kwenye kikao cha asubuhi hapewi familia za kuhudumia. Kikao hicho kiwe kila siku kwa wiki ya kwanza, nusu saa, watu wakiwa wamesimama.

Cha kusema na cha kuacha

Siku hizo za kwanza kinachohitajika ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia, si tiba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na wenzake wa mwaka 2011 uliipanga kwa vitendo vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Mwalimu, katekista au bodaboda anaweza kuifanya akifundishwa kwa siku moja.

Sema:

- "Pole. Naitwa fulani, nipo hapa kukusaidia."
- "Umekula? Nani yuko nyumbani na watoto?"
- "Hulazimiki kuniambia chochote. Nitakaa nawe."

Acha:

- "Ni mapenzi ya Mungu." Mfiwa akisema mwenyewe, itikia. Usimtangulie.
- "Shukuru wewe umepona." Wengi waliopona wanajilaumu kwa kupona.
- "Ilikuwaje hasa?" Hili ni swali la udadisi.
- "Jikaze, wewe mwanamume." Matokeo yake tunayaona baadaye kwenye pombe na kwenye kipigo cha nyumbani.
- Kuahidi usichokiweza. Ukisema utarudi kesho, rudi.

Makosa yanayorudiwa kila mara

*Kuwakusanya watu ukumbini wasimulie.* Kuna imani kwamba manusura wakiwekwa pamoja mara moja na kila mtu akieleza alichokiona, sumu imetoka. Utafiti wa miaka mingi haukuunga mkono kikao cha namna hiyo cha mara moja, na Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Anayetaka kusema asikilizwe. Asiyetaka aachwe. Na mtu aliyekuwa ghorofa ya chini asilazimishwe kusikia yaliyotokea ghorofa ya juu.

*Kugawa dawa za usingizi.* Vidonge kama Valium hutolewa kwa huruma, lakini miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2013 inaonya visitumike kutuliza mshtuko katika mwezi wa kwanza. Asiyelala asaidiwe kwa njia nyingine, na dawa iamuliwe na daktari aliyemwona.

*Kudharau hofu iliyobaki.* Siku kumi baada ya Garissa, alfajiri ya tarehe 12 Aprili 2015, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wanashambuliwa. Walikimbia, wengine wakaruka madirishani. Mmoja alikufa na zaidi ya mia moja wakaumia. Novemba ya mwaka huohuo, katika chuo kingine cha Nairobi, zoezi la kuigiza shambulio ambalo wengi hawakujua kuwa ni zoezi lilisababisha kifo cha mfanyakazi mmoja na majeruhi kadhaa. Kwa hiyo msifanye mazoezi ya kushtukiza. Fataki, milio ya risasi za heshima mazishini, hata majaribio ya king'ora, vitangazwe mapema kwenye redio ya mtaa.

*Ziara za wakubwa.* Kiongozi akitaka kufika wodini na kamera, mratibu awe na ruhusa iliyoandikwa ya kusema hapana. Andikeni ruhusa hiyo leo, maana siku yenyewe hakuna atakayethubutu.

"Watu wetu hawaendi kwa mshauri"

Pingamizi hili nalisikia kila ninapozungumzia jambo hili, na lina ukweli. Bango la "Ushauri Nasaha Bure" nje ya hema huwafukuza watu, kwa kuwa kuonekana ukiingia humo ni kuitwa mwenda wazimu. Ondoeni bango. Mshauri akae matangani, ashike sufuria, aende hitimani, asimame kwenye foleni ya unga. Ataulizwa tu.

Wengine huniambia, "Sisi tuna dini, yatosha." Dini inafanya kazi kubwa ambayo hakuna kliniki inayoiweza: inakusanya watu, inawapa maneno, inamzika maiti kwa heshima. Endeleeni nayo. Ila imamu na padri wajue mstari uko wapi. Mtu anayesema anataka kumfuata marehemu anahitaji dua, na anahitaji kufikishwa hospitali siku hiyohiyo. Yote mawili.

Na kuna wanaosema, "Hatuna wataalamu." Jaribio lililofanywa katika mitaa ya Nairobi na kuchapishwa mwaka 2017 liliwafundisha wahudumu wa afya ya jamii, wasio na elimu ya saikolojia, kutoa vikao vitano kwa wanawake waliopitia ukatili wa kijinsia. Wanawake hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Wahudumu hao mnao vijijini kwenu. Wanachohitaji ni mafunzo, na mtaalamu mmoja wa kuwasimamia, hata kwa simu.

Rafiki na pesa

Baada ya mlipuko wa 1998, Dkt. Frank Njenga na wenzake walikusanya majibu ya Wakenya 2,883. Takriban asilimia 35 walikuwa na dalili za maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe. Kinachonigusa zaidi ni sifa za waliougua. Miongoni mwazo kulikuwa na kuumia na kufiwa, jambo linalotarajiwa. Lakini kulikuwa pia na kutomweleza rafiki yaliyowapata, na kuingia kwenye shida ya pesa baada ya mlipuko.

Marehemu huwezi kumrudisha. Rafiki na pesa mnaweza kuvishughulikia, na havihitaji shahada. Kwa hiyo mratibu aulize katika kila nyumba:

- Nani huongea nawe? Pasipokuwa na mtu, mpangieni jirani au mama wa kikundi apite kila baada ya siku mbili.
- Nani alikuwa analeta chakula hapa? Akiwa ndiye aliyekufa au kulemazwa, suala la karo, kodi ya nyumba na bili ya hospitali liingie kwenye kikao cha asubuhi, mezani pamoja na ushauri nasaha.
- Nani atawasaidia kupata cheti cha kifo, fidia au mafao? Mjane anayezungushwa ofisini miezi sita anaumizwa upya.

Nasisitiza hili kwa kuwa kamati nyingi huyatenganisha: hapa saikolojia, kule ustawi wa jamii. Familia haijui mgawanyo huo.

Wanaosahaulika

Waliobakwa. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilikuwa na ubakaji mwingi, na wengi hawakufika hospitali kwa wakati. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72. Habari hiyo itangazwe siku ya kwanza, pamoja na jina la hospitali, na pasiwe na sharti la kupitia polisi kwanza.

Waliokuwa wagonjwa tangu hapo. Mwenye kifafa au mwenye ugonjwa mkubwa wa akili akikimbia bila dawa zake, anaweza kuzidiwa ndani ya siku chache. Ulizeni waziwazi: nani anatumia dawa za kila siku?

Waliobeba maiti: wahudumu wa mochari, bodaboda, wauguzi, askari, wafagiaji walioosha damu, wapiga picha. Wapewe zamu fupi na mtu wa kuwauliza hali.

Na wale wanaolaumiwa. Baada ya mashambulizi ya al-Shabaab, Wasomali na Waislamu wa Kenya wamebeba lawama kwa makosa ya watu wengine, ilhali nao wameuawa. Mwezi Desemba 2015, karibu na Mandera, wavamizi waliposimamisha basi na kutaka abiria watenganishwe kwa dini, Waislamu waliokuwamo walikataa kuwatoa wenzao. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi na akafa kwa majeraha hayo mwezi uliofuata. Wawakilishi wa jamii inayolaumiwa wakae kwenye kamati tangu siku ya kwanza. Watoto wao wanaogopa kwenda shule kama watoto wengine.

Lini kumpeleka mtu hospitali

Kutolala, kushtuka, kulia ovyo, kukosa hamu ya kula, mtoto kurudia kukojoa kitandani: wiki za mwanzo haya ni ya kawaida, na kwa wengi hupungua yenyewe. Msiwaambie watu wote kwamba wameharibika. Hata katika maeneo ya vita, makadirio ya Shirika la Afya Duniani ni mtu mmoja kati ya watano kuwa na maradhi ya akili.

Peleka mara moja: anayesema anataka kufa, anayesikia sauti au kuona visivyokuwapo, asiyekula wala kunywa kabisa, anayeshindwa kumhudumia mtoto wake mchanga, anayetishia kuua kwa kisasi. Peleka baada ya mwezi: ambaye dalili zake hazijapungua na hawezi kazi wala shule.

Watoto wakiuliza, waambiwe ukweli kwa maneno machache. "Baba amesafiri" ni uongo utakaogunduliwa uwanjani na mtoto mwenzake. Runinga izimwe. Shule ifunguliwe mapema iwezekanavyo, hata kama siku za kwanza ni za kucheza tu.

Kenya kuna simu ya Msalaba Mwekundu, 1199, isiyo na malipo. Simu ya watoto, 116, inafanya kazi Kenya na Tanzania.

Huduma imfuate mtu kwao

Wanafunzi wa Garissa walitoka sehemu nyingi za Kenya. Waliopona walirudi makwao, na baadaye masomo yao yakahamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Mshauri aliyekaa Garissa au Nairobi hakuwa na njia ya kuwafikia wote. Ndiyo maana nikasema daftari liwe na safu ya "kwao ni wapi". Kabla mtu hajapanda gari, mratibu ampigie mwenzake wa kaunti ile, amtajie jina kwa idhini ya mwenyewe, na baada ya wiki mbili apige tena kuuliza kama alionwa.

Wekeni kwenye kalenda mwezi wa tatu, mwezi wa sita na mwaka mmoja. Wageni wote watakuwa wameondoka, na ndipo baadhi huanza kuugua. Siku ya kumbukumbu ipangwe na wafiwa wenyewe: wachague pahali, dua na muda, na wawe na haki ya kukataa hotuba.

Nakusihi ufanye jambo moja wiki hii. Mpigie mkuu wa afya wa kaunti au wilaya yako umuulize: shambulio likitokea hapa leo usiku, mratibu wa msaada wa kisaikolojia ni nani, na simu yake ni ipi? Asipokuwa na jina la kukupa, usikate simu kabla hamjapanga tarehe ya kikao.